Nimesomea ushonaji, cherehani kimegeuka meza ya vyombo. Nifanyeje?

Shikamoo shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi kijiji kimoja wilaya ya Simanjiro, mkoani Manyara. Nilimaliza darasa la saba, sikuchaguliwa kuendelea, nikaolewa. Ni mke wa pili. Mke mwenzangu ni mkubwa kwangu kiumri na tunaelewana vizuri, kwa hiyo barua hii haimhusu yeye.

Zamani nilikuwa nauza maziwa. Kwetu Wamasai maziwa ni ya mama, baba haulizi hela yake. Ule ukame wa 2021 kwenda 2022 ukatumalizia ng'ombe, maziwa yakaisha, na hela yangu ya mkononi ikaisha hapohapo. Ndipo ukaja mradi wa kuwawezesha wanawake. Walituita ofisi ya kijiji wakatuuliza tunahitaji nini, tukasema maji. Wakasema mradi wao si wa maji, ni wa ujuzi. Basi wakaleta mwalimu wa ushonaji. Tulikuwa wanawake zaidi ya ishirini, tukafundishwa miezi mitatu, siku ya kufunga tukapewa vyeti, tukapigwa picha na mgeni rasmi, kila mmoja akaondoka na cherehani cha miguu. Nilifurahi sana siku hiyo, sitaki kusema uongo.

Sasa mwaka umepita na zaidi. Kijiji kina mafundi ishirini na hakuna wa kushonewa. Wanaume wanavaa shuka, na shuka haihitaji fundi. Mtu akitaka gauni la sikukuu anapanda gari kwenda mjini, anasema mafundi wa hapa hawajui kukata. Na ni kweli shangazi. Mshono ulionyooka naweza, zipu naweza, lakini kola ya shati na mkono vinanishinda. Mwalimu alifika kwenye kola zikiwa zimebaki siku chache afunge. Cherehani changu sasa naanikia sufuria na vikombe. Wenzangu kadhaa wameshauza vyao. Mume wangu naye ananiambia niuze tupate mbuzi, kwa sababu mbuzi anazaa na chuma hakizai. Nimekosa la kumjibu.

Shanga ninazo siku zote, nilifundishwa na mama. Ule mkufu mpana wa shingoni unanichukua siku tatu nne, maana nafanya baada ya maji, kuni na watoto. Kuna dalali anakuja, ananipa elfu nane, tena mara nyingine anachukua leo analipa mwezi ujao. Sijui yeye anauza ngapi.

Sasa yamekuja mambo matatu kwa mpigo. Kuna mradi mwingine unaandikisha wanawake wa kufundishwa sabuni ya maji na batiki. Binamu yangu aliyeko Arusha anasema kuna kazi kwenye lodge, ya usafi na kufua mashuka, ila yule anayeandikisha anataka elfu hamsini ya fomu. Na mwalimu mmoja wa shule yetu ananishauri niende chuo cha ufundi nisome hata miaka miwili nipate cheti cha serikali. Hili la chuo mume wangu hataki hata kulisikia. Anasema mwanamke akilala nje miezi, anayerudi ni mwingine.

La mwisho, tunataka kuomba mkopo wa halmashauri kwa kikundi. Mtu mmoja anayejifanya anajua mambo ya ofisi ametuambia tuwatoe wenzetu wasiojua kusoma, eti watatuangusha. Hao ndio mabingwa wa shanga kutuzidi wote. Nichague lipi shangazi?

Mama wa watatu, Simanjiro

*

Marahaba mwanangu. Habari za huko, na poleni kwa mifugo.

Nianze na lililo rahisi. Hiyo elfu hamsini ya fomu usitoe. Mwajiri wa kweli hauzi fomu ya kazi. Hoteli na lodge zinazojiheshimu zinakuita, zinakusaili, zikikutaka zinakupa mkataba. Anayekutaka pesa kwanza kazi yake ni kukusanya elfu hamsini za watu, na binamu yako inawezekana ameshaliwa bila kujua. Siku ukipata nafasi ya kweli, kwa mlango wa kweli, usikatae kwa ajili ya kuogopa. Ila uliza mambo haya kabla hujafunga kanga zako: mkataba wa maandishi upo? Michango ya NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, inakatwa? Unalala wapi, na unarudi nyumbani lini? Sheria ya kazi ya 2004 inakupa hata likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, au 100 ukijaliwa mapacha. Lodge isiyotaka kusikia habari hizo inatafuta kibarua, na kibarua akiugua ndiyo basi.

La sabuni na batiki, usijiandikishe. Najua litawaudhi watu wa mradi, na posho ya kuhudhuria labda ingekufaa wiki hiyo. Lakini wakiwafundisha ishirini wengine kutengeneza sabuni ya maji kwenye kijiji ambacho ninyi wenyewe mliwaambia kinachokosekana ni maji, mwaka kesho utaniandikia barua hii hii, badala ya cherehani utaniambia ndoo.

Nimekuwa nikisoma barua za namna hii kwa muda mrefu, kutoka Longido, Kiteto, Ngorongoro, na kwa Wabarabaig wa Hanang. Mafunzo ya mwanamke wa kijijini ni yaleyale: cherehani, sabuni, batiki, na akiwa wa kabila la wafugaji anaongezewa shanga anazozijua kuliko mwalimu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini mgeni huyu amekuja na dawa yake kabla ya kuuliza ugonjwa. Mradi unahesabu vyeti ulivyotoa. Wateja hauhesabu, kwa sababu mwaka ukiisha na mradi umeisha.

Na kuna jambo linalonikera peke yake. Nani anajenga nyumba za boma? Si ninyi? Mwanamke wa Kimasai ndiye anayechimbia miti, anasuka fito, anakandika udongo na mavi ya ng'ombe, na paa likivuja anaamka yeye, mume amelala. Basi katika miaka yote hiyo sijapata barua hata moja ya mama wa Kimasai aliyeitwa kufundishwa uashi. Wakati huohuo vijiji hivyohivyo vinajenga madarasa, vyoo na matangi ya maji, na mafundi wanatolewa mjini. Upande wa Monduli wako wanawake waliofundishwa kujenga majiko ya matofali yenye bomba la moshi ndani ya nyumba za boma, wanayafunga wenyewe nyumba kwa nyumba. Kwao mafunzo yameingia pale mkono ulipokuwa tayari. Wakija tena kuwauliza mnataka kufundishwa nini, na mmeshasema maji hawakusikia, semeni tofali.

Sasa turudi kwenye cherehani chako. Usiuze. Soko lipo mwanangu, ila limekaa mahali ambapo hamkuelekezwa kutazama.

Mwaka 2016 serikali iliondoa ada kuanzia shule ya msingi hadi kidato cha nne, watoto wakajaa madarasani. Ada iliondoka, sare haikuondoka. Sare bado ni mzigo wa mzazi, na kila Januari kila mzazi wa kijiji chako anainunua mahali fulani. Wapi? Mjini, ama kwa mfanyabiashara anayekuja nazo mnadani akiwa amezifunga kwenye robota, za saizi tatu tu, mtoto mwembamba anavaa sketi iliyofungwa kwa kamba. Nenda kwa mwalimu huyohuyo anayekushauri chuo. Muulize watoto wangapi wanaanza darasa la kwanza mwaka ujao, sketi na kaptura ni za rangi gani hasa, kitambaa gani hakichuji. Mwombe akuruhusu usimame dakika chache kwenye kikao cha wazazi kabla shule hazijafungwa Desemba. Mzazi akitoa nusu ya bei siku hiyo ndiyo unanunua kitambaa. Usinunue robota la kitambaa kwa hela yako ukakaa ukisubiri.

Sketi ya marinda na kaptura hazina kola, na wewe umeniambia mshono ulionyooka na zipu unaviweza. Anza na hizo. Mashati kwa mwaka wa kwanza waachie wa mjini, huku unajifunza.

Kujifunza kwenyewe hakuhitaji miaka miwili. Kinachokupungukia ni kukata, na kukata kunafundishwa kwenye meza ya fundi anayekata kila siku. Tafuta fundi mzoefu Orkesumet, au mji wowote ulio karibu na ndugu unayeweza kulala kwake. Mpatane ukae naye wiki kadhaa, umlipe kidogo au umfanyie kazi ya kupiga pasi, kutia vifungo na kuondoa nyuzi. Akikuonyesha kola mara moja, omba gazeti au karatasi ya mfuko wa saruji uchore kiolezo chake, uondoke nacho. Fundi wa saa zote anakata kola kwa macho. Wewe utakata kwa karatasi, na hakuna mteja atakayejua tofauti.

Kuna soko la pili, nalo ni viraka. Usicheke. Siku ya mnada kijiji kizima kinahamia pale, pamoja na vijana wa bodaboda wenye suruali zilizochanika kwenye goti na zipu zilizokufa. Beba cherehani kwa mkokoteni wa punda, kaa karibu na mama lishe ambako watu wanakaa wakisubiri nyama. Uwe na zipu za rangi mbili tatu, vifungo, na sindano namba 18 kwa ajili ya jinzi, maana namba 14 itakatika kwenye pindo la kwanza na utaaibika mbele za watu. Kazi ya viraka inalipwa papo hapo, haina kitambaa cha kununua, na mtu aliyeziba suruali kwako leo ndiye atakayekuletea kitambaa kesho. Kama una njia ya kufika Mirerani, pale kwenye tanzanite wachimbaji wanachana nguo kila siku ya Mungu.

Usisahau kwaya. Kila usharika una kwaya, kila kwaya ina sare, na kwaya za jirani zikialikana hakuna anayetaka kuonekana na sare ya mwaka juzi. Ila kazi ya kwaya ichukueni kwa kundi, maana ni nguo nyingi kwa siku chache. Mafundi ishirini kwenye kijiji kimoja ni hasara kila mmoja akikaa kwake. Watano wakikaa pamoja, mwenye jicho akakata, wawili wakashona, mmoja akatia vifungo na kupiga pasi, mmoja akahesabu hela na kufuata vitambaa, hiyo ni karakana. Hata tangazo la redio mnaweza kulipia. Huko Simanjiro mna redio yenu ya jamii pale Terrat, Orkonerei, watu wanaisikiliza kuliko magazeti ya huku kwetu.

Na hicho cherehani kitoe vyombo leo hii. Vumbi la huko nalijua. Fungua kile kibati kilicho chini ya sindano, toa nyuzi na uchafu chini ya meno yanayosogeza kitambaa, tia mafuta ya cherehani (si ya kupikia!), na utazame mkanda wa ngozi. Ukikaa bila kutumika unakauka na kukatika siku ya oda.

Shanga sasa. Umeniambia mkufu mpana unakula siku tatu nne na dalali anakupa elfu nane. Hukuniambia shanga zenyewe umenunua kwa kiasi gani, na hapo ndipo ninapotaka utazame. Shanga nzuri za kioo mnazotumia zinatoka mbali, nyingi Jamhuri ya Cheki, na mpaka zifike kwenye duka unaponunua wewe zimepita mikono mingi. Ukinunua vikopo vidogo vidogo kila mara unalipa bei ya rejareja kabisa. Sema mkufu umekula shanga na uzi wa elfu tatu na mia tano. Imebaki elfu nne na mia tano, gawa kwa siku nne: hata elfu moja na mia mbili kwa siku haifiki. Chukua daftari la mtoto, andika kila mkufu: shanga kiasi gani, siku ngapi, umeuza ngapi, umelipwa lini. Mwezi mmoja tu. Halafu mkae wanawake wote wanaomuuzia dalali huyo mpange bei ya chini ambayo hakuna atakayeivunja, na mkopo marufuku: mkufu kwa hela mkononi. Atanuna, ataondoka, atarudi. Shanga zenyewe mnunue kwa pamoja mjini. Ila sikufichi, shanga zitakupa nyongeza, si mshahara. Watalii wanapita barabara ya Mto wa Mbu, kwenu wanapita wachache, na huko Mto wa Mbu kwenyewe kila kibanda kinauza mkufu huohuo.

Kuhusu wale mama wasiosoma: msimtoe hata mmoja. Huyo anayejua mambo ya ofisi muulize akuonyeshe kanuni inayomkataza mwanamke asiyesoma kuwa mwanakikundi. Kitakachotakiwa ni kikundi kilichosajiliwa halmashauri, katiba yenu, muhtasari wa kikao, akaunti ya benki, vitambulisho. Katibu na mhasibu wajue kusoma, inatosha. Pale Kinyasini, Unguja, kuna chuo kilichofunguliwa 2015 kwa mtindo wa chuo cha Tilonia, Rajasthan, India, kilichoanza 1972. Kinachukua akina mama wa vijijini, wengine bibi kabisa, hawajawahi kushika kalamu, kinawafundisha kuunganisha na kutengeneza umeme wa jua. Wanafundishwa kwa rangi za nyaya na vifaa vyenyewe mkononi. Wanarudi vijijini kwao wanawasha taa. Sasa mama anayepanga shanga elfu kwa rangi na hesabu bila kukosea hata moja, nani wa kuniambia hafundishiki?

Mkopo wenyewe. Ni ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Hauna riba. Ulisimamishwa 2023 kwa sababu fedha nyingi zilikuwa hazirudi na vikundi vingine vilikuwa vya kwenye karatasi tu, ukarudishwa 2024 kwa utaratibu mpya, na ukaguzi sasa ni mkali zaidi. Anza kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata, si kwa mtu wa kijiweni. Lakini msiombe sasa. Ombeni mkiwa na daftari linaloonyesha sare na viraka vya msimu mmoja. Mkopo usio na riba nao ni deni, na mkikopa kabla ya kuwa na wateja mtalipa kwa kuuza mbuzi wa waume zenu, na hapo ndipo mtakapojua vita ni nini. Kwa sasa vicoba vinatosha: hisa ndogo kila wiki, mnakopeshana za kununulia kitambaa.

Nije kwa mzee. Mume wako hajasema upumbavu. Mtu aliyeona ng'ombe wake wanakufa mmojammoja, akasema mbuzi anazaa na chuma hakizai, ana haki ya kuamini hivyo, maana hajaona chuma kikizaa. Hutamshinda kwa maneno. Mwombe muda mpaka shule zifunguliwe Januari. Mwambie: sare zikikosa wanunuzi, tutazungumza habari ya mbuzi. Hela ya kwanza ikiingia, nunua kitu kinachoonekana bomani, gunia la mahindi au chumvi ya mifugo, tena uitaje mbele ya mama mkwe. Nyingine iweke kwenye hisa na kwenye simu yako, laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako wewe. Usimkabidhi yote. Hata ya maziwa hukuwa unamkabidhi, na hii iingie kwenye desturi hiyohiyo, desturi mnayo tayari.

Sheria ya Ndoa ya 1971 inamtambua mke kuwa na mali yake mwenyewe, na cherehani ulipewa wewe. Hilo lijue, lakini usianze nalo. Ukianza na sheria ndani ya boma utajibiwa na wazee. Ikifika siku amekinyang'anya kwa nguvu au amekuinulia mkono, hapo ni jambo jingine: nenda kwa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, usiniandikie mimi kwanza.

Mke mwenzako umesema mnaelewana, ukamweka pembeni. Mrudishe. Siku ya mnada nani atabaki na watoto? Mlipe, kweli mlipe, hata kama ni sukari na majani ya chai, au mwingize kwenye kundi apige pasi na kutia vifungo. Akiwa anakula kwenye cherehani, mzee atasikia habari zake nzuri kutoka nyumba zote mbili.

Chuo sijakifuta. Nimekiahirisha. Miaka miwili bweni, na watoto watatu, na mume aliyekaza, leo hapana. Lakini usidhani mlango ni mmoja. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vipo tangu 1975, kimoja kiko Monduli, na vilianzishwa kwa ajili ya watu wazima wa vijijini kama wewe. Baadhi vimeweka sehemu ya kulelea watoto ili mama asome. Piga simu au mtume mwalimu aulize: kozi fupi za ushonaji ni za muda gani, mtoto mdogo anapokelewa, ada yote pamoja na vifaa ni kiasi gani. Vifaa hasa, maana vinasahaulika kutajwa mpaka umefika. VETA nao, mamlaka ya ufundi stadi, licha ya kozi zao ndefu, wana utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi wa mtu aliyejifunzia kazini. Ukishakaa miaka kadhaa ukishona sare na mashati ya watu, unakwenda kupimwa, unapata cheti cha serikali bila kukaa darasani miaka yote hiyo. Hilo hata mume wako atalikubali, ni safari ya siku chache. Na katika huo upimaji waashi wamo pia, waambie mama zako wa bomani.

Ukishazungumza na mwalimu niandikie tena, uniambie sketi mmekubaliana bei gani na kitambaa mita umepata kwa ngapi. Nataka kuona kama umejipunja. Na uniandikie bei ya shanga.